Jinsi Kipeuo cha Pili Kilivyorudi Ofisini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta. Sasa jongeeni, enyi wenye masikio, mliokaa sogezeni viti na mliosimama egemeeni ukuta, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika ofisi ya uchapaji ya shule yetu, baina ya chai ya saa nne na kengele ya saa nane, vita ambamo hakikumwagika kitu ila chai, nayo ilikuwa yangu.

Alikuwako Mama Mitihani, mpiga chapa wa shule, jemadari wa vidole kumi, miaka kumi na tisa juu ya kiti kimoja. Alijitengenezea violezo vya mitihani ya kila somo, na njia za mkato arobaini na moja: akibonya Kontrol na K, alama ya kipeuo cha pili inaruka mbele yake kama askari aliyeitwa jina. Hakuziandika popote. Vidole ndivyo vilivyozijua.

Nami, fundi wa kompyuta, bingwa wa kujisifu, niliingia na toleo jipya la programu ya kuandikia. Nikanakili nyaraka zake zote, nikaling'oa toleo la zamani, nikapangusa mikono kama aliyechinja fahali peke yake.

Mama akaketi, akabonya. Kimya. Akabonya tena. Kimya kikaongezeka.

Hapo ndipo Mkuu wa Shule alipotokea mlangoni, mkononi mtihani wa Fizikia ulioandikwa kwa kalamu, kila mstari na kipeuo chake.

"Mama, huu utoke saa nane. Ukishindikana nampa yule mpiga chapa wa duka la nje ya geti, na mitihani yote itabaki kwake."

Akaenda zake. Tukatazamana. Mitihani ikihama, na kile kiti kinahama.

"Tutazitengeneza upya, moja moja," nikanena kwa sauti ya mfalme aliyepoteza mji.

"Arobaini na moja? Kwani zilikuwa zinakaa wapi?"

"Ndani ya faili la kiolezo, Mama. Nalo liko kwenye folda iliyofichwa."

"Nani kalificha?"

"Kompyuta yenyewe."

"Basi iambie ilifichue. Au mmegombana?"

Ewe ulimi, nipe nguvu nisimulie tulivyozama katika shimo lile la mafolda, folda ndani ya folda, hadi tukalikuta faili la kale limejikunyata, salama, halijui kwamba nyumba yake imebomolewa. Nikalibeba kwa kipanya, jasho likinitoka, nikalishusha katika folda ambamo programu mpya hutafuta violezo vyake. Mama akabonya. Wapi. Nikalishusha tena, mara ya pili, ya tatu, kikombe kikapinduka.

Mama akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayesukuma mlango wa kuvuta.

"Fundi, hiyo programu si iko wazi tangu asubuhi? Wewe umeshaingia kulala, mgeni anashushwa mizigo uani, utamwonaje? Ifunge, uifungue upya."

Nikaifunga. Nikaifungua. Yule shujaa akainua kidole cha shahada, akakishusha juu ya K, na tazama, kipeuo cha pili kikasimama, kirefu, kimenyooka, hakijapata kupendeza hivyo tangu hesabu zianze duniani. Vikafuata nyuzi za joto, mishale, sehemu. Wanahistoria na waandike: dakika ishirini kabla ya saa nane, mtihani wa Fizikia ulikuwa mezani kwa Mkuu, hauna doa.

Mkuu akampongeza Mama, akanipita kama kabati. Likanichoma.

"Lakini Mama," nikasema tulipobaki wawili, "haki isemwe. Bila mimi, lile faili usingelipata."

Hakugeuka, vidole vikiendelea na mtihani wa Kemia.

"Bila wewe, mwanangu, lisingepotea."