Wasomaji Mia na Ishirini wa Asparuh

Jumatatu, 10 Machi
Maktaba ya kijiji itafungwa tarehe 31 kama wasomaji mia na ishirini hawatajisajili mtandaoni. Kauli ya Radostina wa halmashauri, kwa simu. Waliojisajili hadi leo: tisa. Wawili ni mimi. Vasilka wa kikundi cha ngoma ameingia na futi kamba, akapima chumba cha kusomea. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hapimi, anaipenda tu sakafu yangu.

Jumatano, 12 Machi
Nimepita nyumba kwa nyumba. Nyingi zina kufuli. Bibi Tsonka amenilisha vipande vitatu vya banitsa, andazi la jibini, kisha akagoma. "Mwanangu, mlango wenyewe sifungi, neno la siri la nini?" Anataka kitabu, akishike. Nimepata watatu. Miguu imevimba.

Alhamisi, 13 Machi
Akili! Droo ya kadi za zamani za wasomaji. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu, kwa mwandiko wangu. Mfumo hauulizi kama mtu anapumua. Nimesajili marehemu mia na kumi na tisa, kila mmoja nikamwazima kitabu cha mtandaoni cha kumfaa. Gencho: nyuki. Mwalimu Donka: safari za baharini. Sikuhitaji kuangalia walichowahi kuazima. Jumla 131. Nimesahau kula.

Jumatatu, 17 Machi
Radostina amenipongeza. Mfumo umetoa orodha ya wasomaji hodari, ibandikwe mlangoni. Nimebandika. Nafasi ilikuwa moja tu, katikati ya matangazo ya misiba na kumbukumbu za marehemu. Gencho, msomaji wa mwezi. Pembeni yake, na picha: miaka mitatu bila Gencho wetu. Vasilka amesoma yote mawili kwa sauti, mbele ya foleni ya mkate. Akauliza kama marehemu hurudisha vitabu kwa wakati. Watu wakacheka. Mjane wa Gencho hakucheka. Aliuliza mumewe anasoma nini. Nikasema nyuki. Akasema vizuri.

Jumanne, 18 Machi
Radostina amekuja mwenyewe. "Mzee Asparuh, umenivua nguo mbele ya mkuu wangu." Amri: nifute wote, mmoja mmoja, yeye akiangalia. Kwa kila jina mfumo unauliza kama nina hakika. Nimejibu ndiyo mara mia na kumi na nane. Wa mwisho alikuwa Milka, mke wangu. Nimesema mashine imekwama. Radostina ametazama skrini, halafu dirisha, akavaa koti.

Alhamisi, 20 Machi
Simu ya Radostina: tutahesabiwa upya, nafasi ya mwisho. Tuko kumi na watatu, Milka akiwemo. Nimefungua droo ya chini: waliohamia Uhispania na Ujerumani. Hawa wako hai, nadhani. Hakuna atakayebandika picha zao mlangoni. Sijawauliza, wako mbali. Hadi mchana nimesajili mia na saba. Mia na ishirini kamili. Nikizidisha watashtuka. Ukaguzi ni Jumatatu, tarehe 24, saa tatu asubuhi.