Mashine Tatu za Majaribio

Jengo la ghorofa tano katikati ya Lubumbashi lilikuwa na kuta, ngazi na madirisha, lakini lilikosa uhai: halikuwa na jenereta, pampu wala kiyoyozi. Léonard alisimama ng'ambo ya barabara, akalitazama kama fisi aliyeona mbuzi hana mchungaji. Mlinzi alimwambia kwamba mwenye jengo, Papa Edmond, alikuwa safarini na kazi ya mashine bado hajampa mtu.

"Bado," Léonard alirudia kwa upole. Neno hilo limewalisha wajanja wengi.

Kufikia Jumatatu alikuwa na kofia nyeupe, buti safi kupita kiasi, na muhuri: Injinia Mshauri, Kazi za Mashine. Aliwaita wakandarasi watatu kwenye depo aliyokodi, akawatangazia kwa Kifaransa kizito kwamba mkataba utatolewa kwa kuangalia mashine, si maneno. Kila mmoja alete mashine moja ya mfano, ijaribiwe siku saba.

Osée, muuza jenereta, alimvuta pembeni. "Papa ingénieur, ile test iko paka formalité tu, ao?"

"Kwako iko formalité. Kwa bale bengine iko test."

Aristote wa pampu aliambiwa yaleyale, akaondoka akimwonea Osée huruma. Haki ilitendeka: kila mtu alidanganywa sawasawa.

Mama Virginie, mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo, hakuomba upendeleo. Alileta kiyoyozi kikubwa, kisha akazunguka akisoma namba za mashine za wenzake.

"Ingénieur, hii bintu yote utaipimisha wapi?"

"Laboratoire, mama. Iko... upande wa Kasumbalesa."

"Ah! Camion yangu inaenda kule kesho. Bénit, ndugu yangu, ndjo dereva. Utapanda naye mbele."

Léonard aliguswa. Katika miaka yote ya wizi, hakuna aliyewahi kumsaidia kubeba.

Kasumbalesa, mpakani, malori yalipanga foleni isiyoonekana mwisho. Upande wa Zambia mnunuzi wa mashine hizo alikuwa akisubiri. "Papa," Bénit alisema, "ba douane banataka mwenye bintu ajiandikishe yeye mwenyewe."

Léonard aliingia ofisi ya forodha saa tatu asubuhi. Aliandikisha mashine zote kwa jina lake, akaacha kitambulisho, akagonga muhuri wake kwa madaha. Saa tisa alitoka na ofisa wa forodha kwenda kukagua mzigo. Foleni ilikuwepo, lori halikuwepo.

Simu ikalia.

"Ingénieur, uko muzima?" Alikuwa Mama Virginie.

"Mama, camion yako imepotea!"

"Haikupotea. Iko huku mbele ya jengo. Mulinzi aliniambia kama pale hakuna ingénieur. Papa Edmond amerudi leo, ameona mashine tatu fasi moja, amefurahi. Marché yote ya kazi ya mashine amenipa miye."

"Na Osée? Na Aristote?"

"Beko hapa. Batafanya kazi chini yangu. Banauliza utarudia saa ngapi."

Léonard alikata simu. Lubumbashi wanaume wawili walikuwa wakimngoja. Zambia haikuingilika bila kitambulisho.

"Karte yako inabakia huku mpaka mashine ikuye," ofisa alisema, akitia kitambulisho mfukoni, akamrudisha ofisini. Alitazama tena karatasi yenye muhuri, kisha akainua macho kwenye kiyoyozi cha ukutani kilichokuwa kikidondosha maji juu ya mafaili. "Lakini kama uko ingénieur, anza kututengenezea ile."

Léonard alipanda juu ya kiti, akafungua kifuniko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona ndani ya mashine kukoje.