Nilivyomkwepa Mama Mkwe Hadi Ndani ya Ziwa

Leo nimeadhirika, ndugu zangu. Si kidogo. Naandika nikiwa chumbani kwangu Bariadi, suruali inachuruzika kwenye kamba, na sina hamu hata ya chai.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana watatia chumvi. (Hakuna haja. Nilichofanya kinatosha.)

Wengi mnamfahamu Kabula, mchumba wangu. Juzi aliniambia, "Mama hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Anataka kwanza akuone." Mama yake ni mjane, yuko Lamadi, kazi yake kubanika samaki na kuwauza. Baba hayupo, wajomba hawapo, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Akigoma, ndoa hakuna. Kabula akatulipia ziara ya siku moja: tunatoka Bariadi na basi dogo, tunampitia mama Lamadi, halafu tunazungushwa kuona makasri ya pembeni mwa ziwa, kwa basi, kwa treni na kwa mtumbwi.

"Treni? Busega kuna treni?"

"Tangazo linasema treni, Jilala. Usianze."

Mimi safari yoyote naianza nikiwaza kama tutarudi salama. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nikaenda Mwamapalala kumwomba mjomba ushauri. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mjomba amekulia nyuma ya ng'ombe na desturi anazishika zile za babu yake, hajapunguza hata moja.

"Mkwe wa kike hatazamwi usoni," akaniambia. "Hukai naye karibu. Huli mbele yake. Na ukimgusa, hata upindo wa kanga, usirudi hapa. Na mahari nitamwachia mwingine akapeleke."

"Sasa akinisalimia?"

"Itikia huku unatazama pembeni."

Basi leo asubuhi tumefika Lamadi. Mama akapanda. Mimi nikaona ndala za bluu tu, sikuthubutu kupandisha macho zaidi ya hapo. Nikainama, nikageukia pembeni, nikaamkia kwa adabu zote za Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" yaani, umeamkaje, mama. Pembeni kulikuwa na mlango wa basi. Kabula anasema niliuamkia mlango vizuri sana, mpaka konda akaitikia.

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, ubavuni kwangu. Mama akaja kukaa. Mimi nikaruka.

"Kaka, kaa chini, kuna trafiki mbele," konda akafoka.

Nikaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba. Barabara ile ya kuingilia vijijini mnaijua. Kiuno hiki nilichonacho sasa hivi si kile nilichotoka nacho asubuhi.

Kasri la kwanza lilikuwa upande wa Nassa. Kasri lenyewe ni kuta za mawe za enzi za Mjerumani, paa hakuna, mlango hakuna, na mbuzi wamejaa tele. Kiongozi wa ziara, kijana mmoja mwenye miwani ya jua na maneno mengi, akatueleza habari za wafalme ambao nina hakika aliwatunga njiani. Nikasikia sauti ya mama nyuma yangu: "Kabula, mwite mwenzio tupige picha." Nikasema nabanwa na haja ndogo, nikakimbilia nyuma ya ukuta. Picha ipo. Yuko mama, yuko Kabula, na pale nilipotakiwa kusimama mimi yupo mbuzi.

Mchana tukala kwenye mgahawa wa kando ya ziwa. Sato mkubwa wa kukaanga, ugali, pilipili. Mimi nilikula nyuma ya jiko, nimechuchumaa na kuku. (Kuku walikula zaidi.)

Kasri la pili ni hoteli mpya yenye minara minne na madirisha membamba. Hapo ndipo penye treni. Jamani, treni ni trekta! Wamelivalisha mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, wakalifungia vigari vitatu vya watu wawili wawili, linazunguka bustani likipiga honi. Mama akakaa kigari cha mwisho. Halafu, haya niliyaona kwa pembe ya jicho, akaipapasa nafasi ya pembeni yake mara kadhaa. Ananiita.

"Mimi nitatembea," nikamwambia kiongozi.

"Bro, treni inazunguka hapa hapa. Utatembea uende wapi?"

Nikatembea. Treni ikaongeza mwendo, nikaanza kukimbia. Nilizunguka ile bustani nyuma ya trekta huku watoto wa wageni wakinishangilia, na mimi mtu mzima nina ndevu.

Tuliposhuka Kabula akanivuta kando. Alikuwa amenuna.

"Mama anauliza una tatizo gani naye."

"Ni heshima, Kabula. Mjomba amenielekeza."

"Heshima gani ya kumkimbia mtu mchana kutwa? Hajala vizuri. Ameanza kusema anataka kurudi nyumbani."

Roho iliniuma, nisiseme uongo. Lakini kichwani nilikuwa nasikia sauti ya mjomba, na nikajiambia imebaki sehemu moja tu, nivumilie tumalize.

Sehemu yenyewe ni mtumbwi.

Sasa mimi maji mengi niliyoyazoea ni ya lambo la ng'ombe, ambayo hata ndama anasimama katikati na kunywa. Ziwa lile mwisho wake haliuonyeshi. Kasri la tatu liko juu ya mawe, ng'ambo ya ghuba, na njia ni mtumbwi wa injini. Tukavalishwa maboya ya rangi ya machungwa. Langu lilikuwa la mtoto, lilinibana kwapani. Mama na Kabula wakakaa ubao wa mbele. Mimi nikakaa ubao wa nyuma yao na nikawapa mgongo, nikamtazama mwenye injini.

"Kaka, geuka uangalie tunakokwenda," mwenye injini akasema.

"Niko sawa."

"Utapata kizunguzungu."

"Niko sawa, bwana!"

Sikuwa sawa. Kwa sababu nilitazama nyuma, sikuona mtumbwi mwingine ukitupita mbele, wala wimbi lake likija. Niliona tu uso wa mwenye injini ukibadilika. Halafu ubao ukaniacha.

Nilianguka kinyumenyume. Nikahisi nimetua juu ya kitu laini. Nikageuka, nikakikumbatia kwa mikono yote, na miguu pia, nikapiga yowe lililosikika mpaka ufukweni: "Mayuuu! Nakufa! Nakufa mimi!" Kilemba kikadondoka majini. Si changu, mimi sivai kilemba.

Ndiyo. Nilikuwa nimempakata, au tuseme nimepakatwa, na mama mkwe.

Nikataka kumwachia. Wallahi nilitaka. Mikono ikakataa. Kila nikilegeza kidole mtumbwi unayumba, nakaza upya. Uso wangu ulikuwa umebanana na wake, hapakuwa na pembeni ya kutazama. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Macho yake ni mekundu. Mekundu kweli, kwa miaka yote ile ya kupuliza moto na kukaa kwenye moshi wa samaki.

Nanyi wa Simiyu mnaelewa. Kwetu macho mekundu ya mama wa makamo si jambo la utani. Wapo walioitwa wachawi na kufukuzwa kwao kwa sababu hiyo, na wapo waliokutwa na makubwa zaidi.

Akaniambia polepole, sikioni, "Kumbe huniogopi?"

"Naogopa maji, mayu."

"Mimi je?"

"Wewe nikuogopee nini?"

"Tangu asubuhi hujanitazama. Hukukaa nami, hukula nami. Nikasema, basi, kashasikia. Kule kwa marehemu mume wangu walianza hivyo hivyo. Kwanza walikataa kula nami. Nikahamia Lamadi kabla hayajafika mbali."

Nikamwambia ni desturi, ni mjomba, ni mkwe hatazamwi. Nilikuwa nasema haya nimemng'ang'ania shingoni.

"Desturi naijua, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Marehemu aliishika kwa mama yangu mpaka siku ya kumzika. Lakini alikuwa anamwamkia yeye. Hakuwa anaamkia milango."

Ndugu zangu, aibu ya kudondoka niliisahau pale pale. Nilijiona mtu mbaya. Mama wa watu kavaa kanga mpya, kaja kumwona mkwe, na mimi nimemzungusha siku nzima na hofu yake moyoni. Nikaanza kulia. Kabula akadhani nimeumia. Mwenye injini akazima mashine, akasema kwa huruma, "Mama, mwambie anaweza kushuka. Maji ya magotini haya, tumeshafika."

Kweli tulikuwa tumefika; nikashuka majini, nikalowa suruali yote. Abiria wengine wa ziara, waliotangulia na ule mtumbwi uliotupita, walikuwa wamesimama ufukweni, simu juu. Kasri la tatu sikuliona, naambiwa lina paa.

Kurudi nilikaa naye kiti kimoja hadi Lamadi. Nilimwuliza bei ya samaki, akanijibu. Aliposhuka hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alisema tu nikavae nguo kavu.

Mjomba amekwishapiga simu. Video imefika Mwamapalala kabla yangu. Ameuliza swali moja, "Ulimkumbatia na miguu?" halafu akakata. Sijui mahari atapeleka nani, kama itapelekwa.

Na nimetumiwa hiyo video na kila mtu ninayemjua, hata fundi wangu wa viatu. Wote wameweka vikaragosi vya kucheka. Mmoja tu ndiye hakuweka kikaragosi. Ni mama mkwe. Ameisimamisha pale uso wangu ulipobanana na wake, nimekodoa macho, mdomo wazi, akaituma kama picha na chini ameandika: "Hapa umenitazama."

Kwa hiyo mkiipata huko mliko, chekeni mnavyotaka. Ila msiifute.