Miaka ya Hijria Mlangoni pa Kantini

Jumatatu, 8 Juni
Nna miaka hamsini na nane na bado nnasimama mlangoni! Kantini ya wanajeshi wageni, kambini, nje kidogo ya Maskati. Kazi yangu kutazama vitambulisho. Ndani kuna bia, asiyetimiza ishirini na moja haingii. (Mama nnamwambia wanauza juisi.) Marhoon wa ukumbi wa mazoezi kachaguliwa tena Mfanyakazi Bora. Mara ya tatu! Picha yake iko getini, meno yote nje. Wapiga kura ni wanajeshi wenyewe. Na mie ndiye nnayewafukuza! Ntashinda lini?

Jumanne, 9 Juni
Koplo wa miaka ishirini na nusu kanilalamikia: vitani anapelekwa, bia ananyimwa. Kalia, wallahi, jitu zima lenye bunduki. Nikaisoma upya ilani ya mlangoni. Miaka ishirini na moja. Haikusema miaka ya nani! Mwaka wa Hijria umepungua siku kumi na moja kuliko wa Kizungu. Nikapiga hesabu. Keshatimiza! Nikamwambia apite, na kwenye kura asinisahau.

Jumatano, 10 Juni
Wameingia kumi na wanane, wote Kihijria. Wananiita Anko. Marhoon kanuna. Raha iliyoje!

Alhamisi, 11 Juni
Balaa! Gwaride la asubuhi, vijana wangu taabani. Mmoja kamtapikia kapteni viatuni. Mwengine kakutwa kalala ndani ya pipa la taka. Kapteni kauliza nani kawapitisha. Wote kwa sauti moja: Anko! Wanajeshi gani hawa, siri hawawezi?

Bi Nasriya, mkuu wa watumishi, kaniita. Nikamweleza Hijria yangu kinagaubaga. Kasikiliza kwa adabu zote, Mzanzibari mwenzangu. Kisha kafungua faili langu, kaona nimezaliwa 29 Februari 1968, kachukua kalamu. Kasema, Kaka Yaqdhan, hesabu yako haina kasoro. Kwa hesabu hiyo hiyo, wewe umetimiza sitini mwezi uliopita, na hapa sitini ndio mwisho wa kazi. Kanipa mkono wa hongera!

Jumapili, 14 Juni
Picha yangu iko getini! Kubwa kuliko ya Marhoon. Chini wameandika: Huyu asiingie. Nimesimama juani naitazama. Miaka kumi na mbili pale mlangoni. Mama naye kauliza mbona siku hizi sendi kwenye juisi.

Lakini ngoja. Tarehe 29 Februari haiji kila mwaka! Nimezihesabu zangu mara mbili. Kumi na nne tu. Tangu lini mtoto wa miaka kumi na nne akastaafishwa? Kesho Bi Nasriya atanitambua.