Mzimu Aliyetaka Shuka

Jumatatu, 4 Agosti

Kitabu kipya cha mwandishi wangu kimefika. Nimekivalisha gazeti kisilowe mafuta ya nywele. Huyu bwana hajawahi kuniangusha. Kile cha kisima kilinifanya nisindikizwe chooni na mume wangu, yeye kasimama mlangoni anaimba ili nijue bado yupo.

Wateja huja saluni kwangu kwa hadithi zake. Mikono inasuka, mdomo unasimulia, mtu hasikii hata nikimvuta. Sasa Kidosho, msusi wa ng'ambo ya barabara, kanunua televisheni, na wateja wanahama. Ila bi harusi, binti wa fundi saa, kaniahidi Jumamosi ataleta wasindikizaji wake wote, mradi wapate kitabu kipya. Nikiwapata hao, Kidosho atatazama televisheni yake na nzi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefika katikati. Sielewi.

Msichana kalala ghorofani. Taa imezimika. Mzimu yuko chini. Vizuri, mate yamenikauka. Mara mzimu anasema: shuka. Nageuza ukurasa. Shuka. Shuka.

Basi. Mtu kafa miaka yote hiyo, karudi kudai shuka? Labda ana baridi. Na yule msichana, badala ya kumtupia moja yaishe, analia tu. Mchoyo. Nikarudia kwa kidole, neno kwa neno. Shuka ni shuka. Mwandishi kazeeka, au kaandika akiwa na homa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemjaribia muuza samaki huku namsuka. Kufika kwenye shuka, akacheka mpaka mstari ukapinda. Akauliza huyo mzimu foronya hataki? Nikamjibu labda mbele huko.

Alipotoka akavuka barabara moja kwa moja, kumhadithia Kidosho. Nikawaona wanashikana mabega. Roho imeniuma. Kisha nikaifikiria ile foronya, nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Akili imekuja. Kitabu kimeshindwa kutisha, nitakisaidia. Mume wangu atajificha nyuma ya pazia, kwenye beseni la kuoshea nywele, kajifunika shuka. Akisikia neno hilo mara ya tatu, atoke polepole.

Kauliza shuka lipi. Jeupe liko kambani, bichi. La maua basi. Kasema mzimu wa maua hatishi mtu. Nikamwambia atoe miguu nje, miguu yake inatosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja wote. Nilipofika nusu ya kichwa cha bi harusi, akasema mikono yangu ina kazi, atasoma mwenyewe. Sauti akaishusha, akaivuta: shuuuka. Wenzake wakasogeleana. Mmoja kang'ang'ania kiti. Nikabaki nashangaa, wanaogopa nini? Hawana mashuka kwao?

Mara ya tatu, pazia likafunguka. Mume wangu huyo, maua matupu, kajikwaa kwenye beseni, kaja kifudifudi na maji yake.

Bi harusi alitoka na taulo shingoni, upande mmoja kasukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio. Wasindikizaji nyuma yake. Wote kwa Kidosho. Na harusi ni kesho jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu si Athumani. Kidosho kashindwa kuendeleza mistari yangu, myembamba mno kwa vidole vyake. Bi harusi anarudi asubuhi hii na wenzake. Baba yake kaleta sharti: nisuke, mdomo nifumbe. Nimeapa.

Wifi yangu, karani, kapita kunicheka. Kasema shuka pale maana yake teremka. Msichana yuko juu, mzimu yuko chini, anamwita. Kumbe. Mzimu alitaka shuka literemshwe. Si angesema tangu mwanzo.

Nimeendelea kusoma wakati nawangoja. Msichana kateremka, mikono mitupu, shuka kaliacha juu, mjinga yule. Mzimu kamtazama, kamwambia: kaa.

Unaona? Kwanza shuka, sasa kaa la moto. Nilisema mimi, yule mzimu ana baridi.

Nimemtuma mume wangu awashe jiko la mkaa, akae nalo nyuma ya pazia, asubiri neno. Kiapo ni kiapo, mdomo nitafumba. Bi harusi si anajua kusoma? Kitabu nimemwekea wazi juu ya kiti chake.