Mkono wa Jirani, Presha Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe kutoka zahanati. Wa tatu, eti. Mbili za kwanza sikuziona, au niliziona nikazihifadhi mahali pazuri mno. Unasema ukaguzi wa dawa zangu umepitiliza muda wake. Kabla Daktari Iyer hajasaini cheti cha dawa za mwezi ujao, nipeleke presha yangu ya siku saba, asubuhi na jioni, kwenye fomu waliyonipa Februari, kwa mashine waliyoniazima Februari.

Fomu nimeipata. Paka alikuwa ameilalia. Mashine ilikuwa ndani ya oveni. Hakuna ajuaye ilifikaje huko. Rhona, mke wangu, anasema yeye anajua.

Hebu nieleweke. Nina miaka arobaini na tisa na nina ADHD, ile hali ya akili isiyotulia wala kukumbuka. Nimeambiwa mwaka jana tu, baada ya kuitwa mzembe miaka arobaini na minane na watu wenye shahada zao. Daktari bingwa akanianzishia vidonge, akapandisha na kushusha dozi mpaka ikakaa sawa, kisha akanikabidhi kwa Daktari Iyer, daktari wetu wa familia. Kazi yake ni kusaini kila mwezi na kuhakikisha moyo wangu unastahimili. Yaani mtu asiyekumbuka chochote anapewa dawa kwa sharti la kukumbuka kila kitu. Aliyebuni utaratibu huu apewe nishani.

Nimejipima. 158 kwa 97. Nikarudia. 164! Nikanywa kahawa ya nne ili nitulie. 171!

Karatasi yao inasema wazi: presha ikiwa juu, dawa inaweza kusimamishwa. Vidonge vimebaki kumi na viwili. Naogopa, nitasema ukweli. Kabla ya dawa nilipeleka vyoo kumi na kimoja kwenye shule ya chekechea iliyoagiza mchanga wa watoto kuchezea. Hilo likawa ghala la nne la vifaa vya ujenzi kunifukuza. Sasa nina miezi kumi na moja kwenye kazi moja, na Rhona akianza kunisimulia jambo, analimaliza. Sitaki kurudi kuwa yule mtu. Hata mimi sikumpenda.

Nikajaza fomu mezani jikoni. 120 kwa 80, mara kumi na nne. Dakika mbili. Sijui kwa nini watu hulalamika.

Jumanne, 4 Machi

Maxine wa mapokezi ana miwani yenye mnyororo na moyo wa afisa forodha. Aliitazama fomu, akanitazama mimi, akairudia fomu. Akataka kujua kama nilijipima mimi au nilipima ukuta.

"Mpenzi," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka maegesho, "hata hii meza yangu presha yake hupanda na kushuka."

Kisha akauliza nimewezaje kujua presha yangu ya Jumapili ijayo. Hapo kweli nilikosea. Foleni nzima ikacheka, hata bibi mmoja aliyekuja na oksijeni yake.

Nimepewa fomu mpya. Mwisho Jumanne ijayo. Nimetoka nikiwa na hasira na presha ambayo sikuthubutu kuipima.

Jioni, nje. Mervyn Cragg wa nyumba ya pili anatoa pipa lake la taka. Na langu. Kama kila wiki. Dereva wa basi mstaafu, miaka sabini na mmoja, anaishi peke yake, hajawahi kupoteza ufunguo. Akanipungia mkono: "Usijali, kijana wangu, nimeshakutolea." Kijana wangu! Kwa miaka kumi na tisa nimemchukia mtu huyu kwa utulivu wake.

Utulivu wake.

Ah!

Nikamwambia zahanati imenichagua kufanyia majaribio mashine za presha hapa mtaani, na kwamba unahitajika mkono wa mtu mwenye afya. Kabla sijamaliza, shati lilikuwa limekunjwa mpaka begani. Alisema tangu mwaka 1974 hakuna daktari aliyemkuta na kitu. 116 kwa 72! Mapigo 58! Nikaandika kwenye fomu, ambapo juu jina langu limeandikwa vizuri kwa herufi kubwa. Desmond Tolley, mzima wa afya.

Jumatano, 5 Machi

112 kwa 70, mapigo 55. Mkono wa dhahabu.

Lakini una gharama yake. Kabla ya kupima, mtu akae kimya dakika tano. Mervyn huzitumia dakika hizo kunieleza reli yake ya kuchezea, iliyojaza chumba kizima cha wageni, kituo baada ya kituo, pamoja na sababu za kila treni kuchelewa. Akanipa kondoo wa plastiki wa kando ya reli niwapake rangi. Kila kondoo ni kama punje ya mchele. Nikapaka kumi na wanne bila kuinuka. Kumi na wanne! Hizo ni nguvu za kidonge, si zangu. Natamani mwalimu wangu wa hesabu angeniona. Yeye alinitabiria jela.

Rhona ameuliza kwa nini nakwenda kwa Mervyn na mashine mara mbili kwa siku. Nikasema ni ujirani mwema. Akanikumbusha kwamba Krismasi nilimwita Mervyn mdudu.

Alhamisi, 6 Machi

105 kwa 64. Mapigo 48. Yanashuka! Kila siku ninazidi kuwa na afya.

Jumamosi, 8 Machi

Jana nilisahau. Nimejazia kwa namba za juzi nikabadilisha moja moja, ili Maxine apate kupanda na kushuka anakokupenda. Huo naita uaminifu wa hali ya juu.

Leo 97 kwa 58, mapigo 41. Mervyn anasema miguu imekuwa mizito, na ngazi za nyumbani kwake amezikalia mara mbili kabla ya kufika juu. Akauliza kama mashine inasema lolote. Nikamwambia namba zake ni za mwanariadha. Alifurahi mpaka akanipa kipande cha keki ya zabibu, ngumu kama tofali. Nikala chote. Mimi pia najitolea.

Jumapili, 9 Machi

Mapigo thelathini na saba! Kuna watu wanakimbia mbio ndefu miaka na miaka na hawafiki huko.

Mervyn alikuwa mweupe kidogo, au tuseme kijivu. Akasimama kunitengenezea chai, akashika kabati, akakaa tena. Akasema labda ni uzee. Nikasema labda. Chai nikatengeneza mimi. Nikiwa mlangoni kuna kitu kilinikuna moyoni. Nikakipuuza. Nina kipaji hicho.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu kamili asubuhi: fomu mikononi mwa Maxine. Amesifu mwandiko wangu. Nimeondoka kifua mbele.

Saa nne kasoro: simu, nikiwa kazini ghalani. Daktari Iyer mwenyewe! Huyu ukimtaka unapiga saa mbili asubuhi na unakuwa mtu wa kumi na tisa kwenye foleni. Sasa ananipigia yeye. Aliuliza kama nimesimama. Nikasema ndiyo. Akaniambia nikae chini na nisiguse gari. Nimezimia? Kifua kinabana? Kisha akasema mapigo ya thelathini na saba, tena yakishuka namna ile siku hadi siku, si afya hata kidogo. Ni moyo unaokaribia kusimama. Ambulensi inakuja ghalani. Vidonge, kuanzia dakika hii, basi.

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Sasa niandike sehemu ambayo si nzuri. Nilinyamaza. Nilifikiri: ambulensi ije, wanipime, wanikute mzima, lawama iende kwa mashine. Nani atajua? Na nikisema ukweli, daktari gani atamsainia tena dawa mtu aliyemdanganya mchana kweupe? Naona haya kuandika mpango huo niliupenda kwa muda gani. Muda huo foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, ilipakia mifuko ya trela zima.

Ndipo akilini nikamwona Mervyn amekaa kwenye ngazi zake, mkono kwenye ukuta, akingoja nguvu zirudi. Peke yake mle ndani.

Nikapiga kelele: "Si mimi! Ni Mervyn!"

Ghala zima likageuka. Kisha Daktari Iyer akauliza, taratibu, kama mtu anayeshika kitu kisivunjike: "Mervyn ni nani, na yuko wapi sasa hivi?"

Nikataja nyumba. Nikakimbia na koti la mtu mwingine. Nilipofika ambulensi ilikuwa imeshafika. Mervyn alikuwa sakafuni jikoni, macho wazi, midomo ya bluu, akiwaeleza wauguzi wawili kwamba haiwezekani, kwa sababu yeye ana namba za mwanariadha. Akaninyooshea kidole. "Muulizeni huyu, ndiye wa zahanati. Waambie, kijana wangu."

Nilimshika mkono mpaka kwenye gari. Sijawahi kujidharau hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Yuko hai! Jana hiyo hiyo mchana wamemtia kidude cha betri chini ya ngozi karibu na bega, kinausukuma moyo ukitaka kulala. Amenipigia mwenyewe. Anasema chai ya wodini si mbaya. Amewaambia wagonjwa wote kwamba majaribio ya jirani yake ndiyo yaliyomwokoa. Rhona alikwenda kumwona nami, na muuguzi mmoja akanipa mkono kwa heshima. Nikaupokea. Ningefanyaje? Rhona alinitazama kwa jicho moja tu, lilitosha.

Kutoka huko, kwa Daktari Iyer. Sikupigiwa kelele. Bora ningepigiwa. Alisema yeye husaini dawa zinazousukuma moyo, na anasaini kwa kuamini karatasi. Akisaini moyo asioujua anaweza kuniua, akarudi nyumbani akala chakula chake bila kujua. Alisema kwa siku mbili nzima mgonjwa halisi alikuwa akitibiwa na mimi kwa chai. Alisema nilipokosa siku, nilipoogopa namba, ningepiga simu tu. Hiyo ndiyo kazi yake. Nikatazama viatu vyangu. Havikufanana. Hakuvitaja, na nilimshukuru kwa hilo.

Kisha akanitaka nimwonyeshe nilivyojipima mimi mwenyewe ile siku ya kwanza. Nikamwonyesha. Akatazama mkanda wa mashine nilivyoufunga juu ya sweta, ile nene aliyonifumia mama mkwe. Akauliza ni baada ya kahawa ngapi. Nikasema tatu, nne, sikuwa nikihesabu. Akafumba macho kidogo.

Sweta nje. Miguu sakafuni. Mdomo umefungwa dakika tano. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumiza.

128 kwa 82!

Yangu! Akapima tena, ile ile. Moyo wangu ulikuwa sawa muda wote. Mervyn, kondoo, keki ya tofali, vyote vya nini?

Amesaini mwezi mmoja. Mmoja tu. Sharti: fomu mpya, siku saba, mkono wazi bila sweta, kabla ya kahawa, mikononi mwa Maxine Jumatatu tarehe 31. Bila hiyo hasaini tena, na ananirudisha kwa bingwa, ambako foleni ni ya miaka. Akanilazimisha nitamke: mkono wangu mimi mwenyewe. Nikatamka. Maxine alisogea mlangoni ili asikie vizuri.

Rhona ameibandika fomu kwenye friji kwa sumaku nne. Kengele nimetega kwenye simu, asubuhi na jioni. Nimeapa. Kwa dhati kabisa, machozi yakinilenga. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 30 Machi

Fomu ni tupu.

Si kosa langu. Kengele ililia siku zote, ilikuwa na bidii sana. Niliizima siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa njiani kuifuata mashine, na njiani kulikuwa na bomba linalovuja. Kisha ilikuwa Alhamisi. Kisha leo saa za nchi nzima zimesogezwa mbele kwa majira ya joto, serikali imeninyang'anya saa nzima, nami ningeitumia vizuri.

Kesho ndiyo kesho. Ningeweza kumpigia Daktari Iyer asubuhi nikamwambia ukweli, kama alivyosema mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito, karibu nusu dakika.

Lakini tuwe watu wa sayansi. Mervyn amerudi nyumbani, mashavu mekundu, anapanda ngazi akiimba. Kile kidude hakiruhusu moyo wake kwenda chini ya sitini. Ukijaribu, kinausukuma. Kimewekwa na mabingwa na kukaguliwa na hospitali nzima. Katika jimbo letu lote la Yorkshire, nani ana mkono wa kuaminika kuliko huo? Nikitazama nyuma, kosa langu la kwanza halikuwa kuazima mkono. Niliazima mbovu.

Nimekwenda na mashine saa tisa. Mervyn kanifungulia akiwa amefurahi, akauliza kama majaribio bado yanaendelea. Nikasema ndiyo, na safari hii tutapima kumi na nne kwa mpigo, zahanati inataka haraka. Akaanza kukunja shati. Mkono wa kushoto amekatazwa kuuinua kwa wiki kadhaa. Nikamwambia asijali, wa kulia unatosha.