Vyeti Vitatu vya Mchanganya Rangi

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa chumba cha kuchanganya rangi anastaafu mwisho wa mwezi. Ufunguo wa chumba ni wangu, sioni cha kujadili. Miaka kumi na saba nachanganya rangi katika duka hili kwa jicho tu, bila mizani, na ndiyo maana wananiita Jicho. Lakini bosi wetu, mama mpole anayependa mambo mapya, ametukusanya asubuhi na kutangaza kwamba ufunguo atapewa atakayeleta vyeti vitatu kufikia Ijumaa: hisabati, sayansi na ustawi wa nafsi. Masomo yako mtandaoni, bure kabisa. Nikamwuliza nafsi inahusiana vipi na rangi ya dari. Akasema nitajua nikisoma. Bi Mizani, mwenzangu anayepima hadi tone, aliandika kila neno daftarini. Ana miaka miwili tu kazini. Atanitambua.

Jumanne, 5 Machi

Hisabati. Swali la kwanza lilitaka nigawe ndoo ya lita ishirini na nne kwa uwiano wa tatu kwa tano. Nikajibu kwa hisia. Nimekosa. Mwisho wa mtihani: mawili kati ya ishirini. Nilikuwa nataka kuizima simu nilipogundua kwamba ukishakosa unaonyeshwa jibu sahihi, kisha unaruhusiwa kurudia mtihani uleule hata mara mia! Watu wazima na akili zao wameketi wakatengeneza kitu hiki. Nikaandika herufi za majibu kiganjani kwa kalamu ya kuwekea alama makopo. Ishirini kati ya ishirini. Cheti kina muhuri na jina langu kamili. Bi Mizani bado yuko somo la nne, anachora ndoo.

Wino haujatoka. Nimewasalimia wateja wote kwa ngumi.

Jumatano, 6 Machi

Sayansi. Video kumi na mbili, na huwezi kuziruka. Sawa. Nimeisimamisha simu kwenye rafu ya brashi ijitazame yenyewe, nikaendelea na kazi. Madirisha niliyafunga ili Bi Mizani, aliyekuwa uani, asisikie nimefika video ya ngapi. Nilichanganya rangi ya mafuta makopo manane. Baada ya hapo nikaanza kuona makopo kumi na sita, wenzangu wakanitoa nje wakanikalisha kwenye ngazi. Bi Mizani aliniletea maji na kunieleza kwamba video ya tatu yote inahusu mvuke wa rangi na umuhimu wa kufungua madirisha. Nikamwambia nimeitazama. Cheti kiliingia nikiwa palepale kwenye ngazi, kichwa kinagonga. Viwili tayari.

Alhamisi, 7 Machi

Ustawi wa nafsi. Upuuzi mtupu. Mtihani hauna jibu sahihi, kwa hiyo hakuna cha kuandika kiganjani. Wanataka barua ya ukurasa mmoja kuhusu jambo linalokulemea moyoni. Nikaandika: Bi Mizani. Nikajibiwa kwamba barua ni fupi mno.

Saa tisa mteja alimwita Bi Mizani mbele, naye akaiacha barua yake wazi kwenye kompyuta ya stoo. Ukurasa mzima, umepangika vizuri. Nikaipiga picha, simu ikaigeuza kuwa maandishi, nikatuma. Sikuisoma. Nani ana muda wa kusoma mambo ya watu? Cheti kikaja papo hapo, pamoja na ujumbe wa kunipongeza kwa ujasiri wangu. Angalau kuna anayeuona.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempelekea bosi vyeti vyote, nikaambatisha na barua yenyewe. Hakuiomba, lakini karatasi nyingi huleta heshima. Bi Mizani alileta vyeti tu, maskini.

Bosi alisoma barua yangu hadi machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kumbe mzigo huu nimeubeba peke yangu. Nikamjibu nimeshazoea. Akasema kesho mchana wafanyakazi wote watakuja nyumbani kwangu. Nikaelewa: wanakuja kunikabidhi ufunguo! Nimemwambia Mama, ninayeishi naye, apige pasi gauni lake la bluu.

Jumamosi, 9 Machi

Walifika saa saba, wameinamisha vichwa, na maua meupe. Mama aliwafungulia mlango kwa bashasha. Bosi akaninong'oneza kuuliza huyu ni nani. Nikasema ni mama yangu mzazi.

Bosi akaitoa barua mkobani na kuisoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba tangu mama afariki mwaka jana, bado kila asubuhi natenga vikombe viwili vya chai, na kimoja nakimwaga kikishapoa. Hapo akashindwa kuendelea. Bi Mizani ndiye aliyemalizia sentensi, bila karatasi, anatazama sakafu: kwamba anaogopa asubuhi atakayotenga kikombe kimoja. Kila mtu akaelewa. Hakunitukana. Aliyachukua maua akampa Mama.

Niliona aibu, nakiri. Miaka miwili tunafanya kazi meza moja, na sikujua kama amefiwa. Mama naye amesema ikiwa amekufa basi hapiki, na kweli hakupika. Nimekula mkate mkavu.

Jumatatu, 11 Machi

Ufunguo kapewa Bi Mizani. Vyeti vyangu vimefutwa, na bosi ameniamuru nirudie masomo yote matatu tangu mwanzo, la sivyo nihamie kufuta vumbi kwenye makopo. Bi Mizani amesema yaliyopita yamepita, na kwamba atanifundisha uwiano kila mchana tukishakula. Nikamwambia asante, jicho hili halijawahi kuhitaji mwalimu.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimeketi nikayachunguza makosa yangu kwa utulivu, na nimeona ni moja tu: nilichagua barua ya huzuni. Watu wakisikia msiba lazima waje nyumbani. Kwa bahati nzuri dereva wa gari la mizigo naye ameanza masomo, na leo ameiacha barua yake wazi palepale stoo. Safari hii nimeisoma yote, mara mbili, kabla ya kutuma. Ni barua ya furaha tupu: mke wake amejifungua mapacha na usingizi umekuwa adimu. Mimi sina mke, lakini fomu haikuuliza.